Duniani Kama Mbingu

Watu wa Mbingu wana utani wao wa zamani: ati Wakristo waendao mbinguni kwa tiketi ya treni ni wao peke yao. Kijiji kiko kando ya reli, kati ya Ifakara na Mlimba, na aliyekipa jina hilo bila shaka alipita wakati wa mavuno. Angepita masika, maji yakiwa yamelifunika bonde na mbu wakiimba tangu jua halijazama, angetafuta jina jingine.

Odilia alikuwa mke wa katekista wa hapo. Kwa miaka miwili alikuwa akiruka maneno katika Baba Yetu, na hakuna aliyegundua. Alianza vizuri pamoja na wenzake, jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike, kisha akafumba mdomo. Wenzake waliposema "utakalo lifanyike duniani kama mbinguni", yeye alitazama viganja vyake. Aliufungua tena mdomo kwenye mkate wa kila siku. Mkate aliuhitaji.

Binti yake Verediana naye alikuwa na kosa lake katika sala hiyo hiyo, ila la kwake watu walilicheka. Alisema "duniani kama Mbingu", akijua kabisa kwamba Mungu anakitaja kijiji chao, na alijivunia hilo.

Maneno yale Odilia aliyaacha masika ya tisini na sita, alipofariki mwanawe wa kwanza, Joshua. Kama kila mwaka, familia ilikuwa imehamia shambani, ng'ambo ya mto, ikilala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambamo mkulima wa mpunga hukaa na wanawe msimu mzima akifukuza ndege, maji yakipita chini ya sakafu. Joshua akashikwa na homa. Homa ikapanda, macho yakageuka, viungo vikaanza kukakamaa na kurukaruka.

"Hii ni degedege," alisema bibi yake mzaa baba, mama Dorika. "Na degedege haitaki sindano. Mtoto wa degedege ukimchoma sindano, umemmaliza."

Hakuwa mwanamke mbaya, wala mjinga kuliko wenzake. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na bonde zima lilisema hivyo hivyo. Akachukua kinyesi kikavu cha tembo alichokihifadhi kwa kazi hiyo, akakiwasha, akamfukiza mjukuu wake.

Jirani yao Kelestini akafika na mtumbwi. "Katekista, tumvushe mtoto. Treni ya Ifakara bado haijapita."

Kasmiri, mumewe Odilia, aliutazama mtumbwi. Akamtazama mama yake, akautazama na ule moshi, yeye ambaye kila Jumapili aliwakemea watu kwa mambo ya kienyeji. Aliogopa mto, aliogopa sindano, alimwogopa mama yake. Na mtu akiogopa mambo mengi kwa mpigo, dini humjia haraka. Akapiga magoti, akatoa rozari, akasema, "Tumwachie Mungu. Utakalo lifanyike."

Odilia naye akapiga magoti. Mtoto alikuwa mikononi mwake, mtumbwi aliuona kwa macho yake, na alipiga magoti. Joshua alikata roho kabla rozari haijaisha.

Kilichofuata kilimchoma kuliko msiba wenyewe. Padre alikuja kutoka parokia kusoma misa ya maziko, akasikia habari ya katekista aliyemkabidhi Mungu mwanawe bila kunung'unika, akahubiri juu ya imani ya Ibrahimu. Watu wakalia. Tangu hapo Kasmiri akawa Ibrahimu wa Mbingu. Wakija wageni kigangoni, kanisa dogo la kijiji, walionyeshwa yeye. Odilia alisikiliza, akijiuliza moyoni. Ibrahimu aliletewa kondoo kichakani, mbona hilo hawalisemi? Na Sara, kuna aliyemuuliza?

Kisha wakambadilisha jina. Mila ni mila, mama huitwa kwa mtoto aliye hai, basi polepole Mama Joshua akawa Mama Verediana. Mumewe ndiye aliyeanza. Tangu siku ya maziko jina la Joshua halikupita tena midomoni mwake, na Odilia alimhesabia ukimya huo kuwa hatia ya pili.

Waliendelea kuishi. Alimpikia, alimfulia kanzu ya ibada, akalima naye, akala naye. Chuki haizuii ugali kuiva. Lakini moyoni aliandaa maneno, akayapanga na kuyapangua akiwa anapalilia, akingoja siku ya kumwambia.

Ikaja mvua ya El-Nino. Mto Kilombero ulisahau mipaka yake, mpunga ukalala ndani ya maji, na waliokuwa shambani wakakwama kwenye madungu yao wakitazamana kwa mbali. Katikati ya hayo Verediana akaamka anachemka. Adhuhuri macho yakaanza kugeuka.

Mama Dorika alikuwa tayari anapekua kikapu chake. "Degedege," alisema. "Na hii haitaki..."

"Mama, shikamoo," alisema Odilia.

Bibi akashangaa. "Marahaba. Salamu ya nini saa hizi?"

"Ya kukuaga."

Alimfunga mtoto kifuani kwa kanga mbili, akashuka ngazi, akamwita Kelestini kwa sauti ambayo jirani huyo hakuwahi kuisikia. Kelestini akaleta mtumbwi. Kasmiri akashuka nyuma yake, maji magotini, rozari mkononi.

"Mama Verediana! Mto huu utawameza. Tusali kwanza. Unashindana na Mungu?"

Odilia alikuwa ameshakaa. "Sishindani naye. Kama anamtaka mwanangu, amfuate Ifakara. Yeye hashindwi na nauli."

Kelestini akasukuma pondo. Kasmiri alibaki amesimama majini, akizidi kuwa mdogo, na Odilia hakugeuka.

Wodi ya watoto ya hospitali ya Ifakara ilikuwa imefurika. Kitanda kimoja kililaza watoto wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Verediana alichomwa sindano, akatundikiwa dripu ya kwinini, akalazwa pamoja na mtoto wa kiume aliyeitwa Yunusi. Mama yake Yunusi, Rabia, mke wa mwenye duka hapo mjini, alimsogezea Odilia mkeka na chai ya chupa.

"Mama nani, mwenzangu?"

"Mama Joshua." Lilimtoka lenyewe.

Rabia akamtazama yule binti kitandani, nywele zimesukwa. "Na Joshua mwenyewe yuko wapi?"

Odilia akasimulia. Alimwambia yote, mtumbwi, moshi, rozari, mahubiri ya Ibrahimu. Miaka miwili hakuwa amemwambia mtu, sasa aliyatua mbele ya mwanamke asiyemjua, tena wa dini nyingine, ambaye hatayapeleka kwa padre.

"Mume wangu ndiye aliyemuua," alimaliza. "Halafu akamsingizia Mungu."

Rabia alichukua kitambaa, akamfuta Yunusi jasho, kisha akamfuta na Verediana.

Kesho yake mchana Yunusi alifariki. Hakukuwa na uzembe, wala kuchelewa, wala la kuulizana. Daktari alikuwa kitandani, muuguzi alikuwa kitandani, damu aliyotolewa baba yake ilikuwa bado inashuka kwenye mrija. Pumzi ilikoma tu. Rabia akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti ndogo, akaketi chini.

Odilia aliketi kando yake, akamshika mkono. Akatafuta neno. Alitafuta sana, na lililokuja mdomoni ni lile lile alilolichukia kuliko yote duniani.

"Pole, Mama Yunusi. Ni mapenzi ya Mungu."

Alitamani kujing'ata ulimi. Rabia akamgeukia, macho makavu.

"Mimi nilimleta asubuhi ile ile alipopata joto, dada. Nyumba yangu na hospitali ni kuvuka barabara. Dawa amepewa, damu amepewa, dua amesomewa. Wewe una wa kumlaumu. Mimi nimlaumu nani?"

Hakusema kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Kisha wanaume wa kwao wakaingia, wakamchukua mtoto, naye akawafuata hadi mlangoni na kusimama pale, maana kwao makaburini huenda wanaume peke yao.

Odilia alirudi kitandani, akaona aibu ambayo hakuitegemea. Miaka miwili alijiona fukara kuliko wanawake wote, kumbe alikuwa na kitu. Alikuwa na Kasmiri. Kila uchungu ulipopanda alikuwa na mahali pa kuumwaga. Rabia alibaki yeye na Mungu, ana kwa ana, bila mtu wa kusimama katikati, na hata hivyo alikuwa amesema sala yake yote bila kuruka neno.

Asubuhi iliyofuata Verediana alifumbua macho.

"Mama, hapa ndiyo mbinguni?"

"Hapana, mwanangu. Ni Ifakara."

Mtoto akajinyoosha, miguu yake ikatafuta kitu na kukikosa. "Na yule mwenzangu ameenda wapi?"

Odilia akachukua bakuli. "Kunywa uji."

Kasmiri alifika wakati uji unaisha. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili. Odilia akaelewa kwamba amekuja kuchukua maiti. Alisimama mlangoni, akamwona binti yake akilamba kijiko, na uso wake ukafanya jambo la ajabu: ulifurahi, kisha furaha ikasimama katikati, kama mtu aliyekanyaga msumari.

Akasogea. Akaligusa paji la uso la mtoto. Hata "Tumsifu Yesu Kristo" hakusema.

"Walimpa nini?"

Hii ndiyo siku aliyokuwa akiingoja, na maneno yote aliyoyaandaa yalikuwepo, yamepangwa. Hakuyahitaji. Moja lilitosha.

"Sindano," alisema Odilia.

Kasmiri akakaa sakafuni, miguu imenyooka kama mtoto. Verediana mzima alikuwa mbele yake anaomba uji zaidi, na kila alivyoomba ndivyo Joshua alivyokufa upya. Shukrani gani angeitoa? Akisema asante kwa huyu, amejihukumu kwa yule. Odilia alimtazama akilipata hilo hatua kwa hatua, na alikuwa amedhani siku hiyo itakuwa tamu. Haikuwa na utamu wowote. Ilikuwa kama kumpiga mtu aliyelala.

Mumewe alisema, bila kuinua kichwa, "Mama Joshua."

Odilia akageuka akalia, na hakujua kama anamlilia mtoto, Rabia, au mwanaume huyu mjinga aliyeketi sakafuni.

Jumapili waliyorudi Mbingu, kigango kilijaa. Padre hakuweza kuvuka maji, kwa hiyo ibada ilikuwa ya katekista. Watu walikuja kusikia muujiza. Ibrahimu safari hii kondoo ameletewa! Mama Dorika alikaa mbele kabisa, mjukuu mapajani, akimpapasa mkono pale palipokuwa na alama ya sindano, huku amekunja uso kama anayesoma hesabu iliyokataa.

Kasmiri hakutoa ushuhuda. Alisoma masomo, akaruka mahubiri, akaanzisha Baba Yetu. Jina lako litukuzwe. Ufalme wako ufike.

Akanyamaza.

Watu wakangoja. Kwa mazoea yao hawakumtangulia katekista. Mdomo wake ulikuwa wazi, mikono imeinuliwa, na neno halitoki. Mtu akakohoa. Mtoto mdogo akaanza kulia akanyamazishwa. Kasmiri akamtazama mke wake, na Odilia akajua kwamba katika kanisa lile zima ni yeye tu anayejua neno gani limekwama na kwa nini.

Angeweza kumwacha pale. Alikuwa na haki. Mbele ya wote waliomwita Ibrahimu, kimya kile kingemsema vizuri kuliko yeye. Lakini alimkumbuka Rabia akiwa amesimama mlangoni mwa wodi, mikono mitupu, bila wa kumlaumu. Akakumbuka pia mikono yake mwenyewe siku ile, Joshua akiwa ndani yake, na magoti yake yakikunjika karibu na ya mumewe. Mtumbwi waliuacha wote wawili. Hilo halitarudi nyuma, si kwa chuki wala kwa sala, na Mungu hakuwahi kumweleza wala hataeleza.

Hakuwa amesamehe. Hakuwa ameelewa. Alichoka tu kubeba lile ambalo halikuwa na pa kwenda isipokuwa kwa Mungu.

"Utakalo lifanyike," alisema Odilia kwa sauti, na lilikuwa chungu mdomoni kuliko kwinini, "duniani kama mbinguni."

"Duniani kama Mbingu," akaitikia Verediana, na watu wakacheka kidogo kwa kupumua, kisha wote wakaendelea na mkate wa kila siku. Kasmiri hakuendelea. Alifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakitikisika mpaka amina.

Nje, baada ya ibada, walimpa Odilia mkono mmoja mmoja. Walisema katekista amezidiwa na furaha, na ni haki yake, mtu wa imani namna ile.

"Ndiyo," alisema Odilia. "Imani kubwa."

Akamshika mumewe mkono, wakaondoka.