Vema Mlangoni

Miaka kumi na minane nimefanya kazi ya uokoaji bila cheti, na katika wote niliowatoa majini hakuna hata mmoja aliyeniuliza kiko wapi. Hayo nilimwambia mke wangu Ijumaa ile nikifunga kamba za buti, naye akanijibu nikayaseme mbele ya mwalimu, si mbele ya mtu anayeosha vikombe. Alidhani naogopa mtihani. Nikamwacha adhani hivyo.

Mimi ni fundi kufuli. Kikosi cha kujitolea kilinichukua kwa sababu hakuna mlango unaonishinda, wakaniita Chapchap kwa sababu situlii mahali pamoja. Sasa halmashauri imetaka kazi hii iwe ya kitaalamu: mafunzo wiki mbili, cheti, namba mgongoni. Asiye na cheti, maafa yakitokea, atabaki nyumbani na majirani. Nilinung'unika kama wenzangu wote, ingawa masomo yenyewe, niseme ukweli, yalinikolea. Yalinikolea mpaka siku ya chaki.

Siku hiyo mwalimu, binti wa umri wa kifungua mimba wangu, alichora mlango ubaoni.

"Zamani mkikagua nyumba mlikuwa mnafanyaje?"

"Tunaweka alama ya vema mlangoni," nikadakia, kiherehere changu.

"Mkiingia au mkitoka?"

Darasa zima likasema tukitoka. Mimi nikajikausha, maana nilikuwa naweka nikiingia. Nilijiona mjanja: mwenzangu akipita ajue nyumba hii ina mtu tayari, asipoteze muda. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe na sikumwambia yeyote.

Mwalimu alichora mstari mmoja wa mshazari. "Huu ni wa kuingia." Akaukatisha kwa mwingine. "Huu ni wa kutoka, na pembeni namba yako na saa. Mstari mmoja peke yake maana yake kazi haijaisha. Vema haina mwenyewe, haina saa. Inaweza kuua mtu."

Kando yangu Kobe aliacha kuandika.

Kobe ni mpaka rangi, na ndiye rafiki yangu mkubwa kikosini. Miaka tisa iliyopita, mafuriko yalipoingia mtaani kwao, yeye alikuwa ng'ambo akivusha watu kwa kamba. Aliporudi alipita kwao, akaona vema mlangoni, akashukuru Mungu, akaenda kumtafuta mama yake kwenye shule walikopelekwa watu. Hakumkuta. Mama, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, alitolewa saa tisa alasiri chumba cha nyuma, kabati limeziba mlango. Daktari alisema alifariki kama saa sita. Tangu hapo Kobe hukagua kila chumba mara mbili, na ndiyo maana akaitwa Kobe. Jina hilo nilimpa mimi, tukacheka, yeye pia.

Mlango ule niliuwekea alama mimi. Niliingia, nikaita mara moja sebuleni, sikujibiwa, kisha nikasikia mtoto analia juu ya paa nyumba ya pili. Nikatoka mbio. Mtoto nilimshusha, watu wakanibeba juu juu, na barua ya pongezi mke wangu ameitundika ukutani mpaka leo. Kurudi kwa Bi Mkubwa sikurudi. Jioni, waliponieleza, nilijiambia milango ilikuwa mingi na chaki ni ile ile, huenda vema ile ni ya mwingine. Nimejitia hamnazo miaka tisa. Siku ya chaki nilishindwa kuendelea.

Sasa sharti la mwisho la cheti lilikuwa hili: kila mtu aandike ripoti ya tukio moja lililoharibika mikononi mwake. Mwalimu alisema si kwa ajili ya kuadhibiwa, ni kwa ajili ya kujifunza. Rahisi kwake kusema.

Niliandika ripoti mbili. Ya kwanza ilihusu ngazi iliyoteleza nikavunjika kidole, tena niliitia chumvi kidogo. Ya pili niliiandika chooni, nimejifungia. Ijumaa hiyo nilizichukua zote mbili, ya ngazi mfuko wa kulia, ile nyingine mfuko wa kushoto. Nilipanga kumpa mwalimu ya ngazi. Ya pili sijui niliibebea nini.

Tulipoketi, mwalimu akasema, "Badilishaneni na jirani. Mwenzako ndiye mkaguzi wako. Kikipungua kitu, mrudishie ajaze."

Kobe alikuwa ameshasogeza karatasi yake kwangu, maandishi yake makubwa, ya mtu asiye na haraka.

*Kosa langu: niliona alama mlangoni kwetu nikaiamini. Sikuingia. Ningeingia ningemkuta mama yangu mzima.*

Nilisoma mara moja, herufi zikaanza kucheza. Miaka tisa mtu huyu amekuwa akijihukumu kwa kosa la mkono wangu, nami nakaa naye benchi moja, nakunywa naye chai, namtania kwa mwendo wake.

"Yako iko wapi, Chapchap? Leo umekuwa mzito kunishinda."

Nikaingiza mkono mfuko wa kushoto. Nilipomkabidhi sikuweza kumtazama, nikatazama buti zangu.

Alisoma taratibu, kama anavyofanya kila kitu. Alifika chini, akarudi juu, akaanza upya. Nilisikia feni ya dari, nikasikia mtu nyuma akiomba kalamu. Nilitamani anipige, angalau lingekuwa jambo la kumalizika.

"Saa hukuandika," akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililonitisha. "Uliweka vema saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu hivi."

Vidole vyake vikahesabu juu ya meza, kimoja kimoja, kuanzia saa nne. Vilipofika saa sita vikasimama.

"Nisamehe, ndugu yangu," nikasema.

Mwalimu alikuwa anapita kati ya meza. "Huku vipi, mmemaliza?"

"Bado," Kobe akasema. "Ya mwenzangu imepungua. Hajaandika jina la marehemu."

Akanirudishia karatasi, akaweka kidole kwenye neno *Bi Mkubwa*. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kata hilo. Andika jina lake."

Nikalikata, nikaweka kalamu pembeni ya neno hilo, tayari kuandika, na kalamu ikabaki pale pale. Nimekula nyumbani kwa yule mama mara ngapi sijui. Nimebeba jeneza lake. Jina lake sikulijua.

Kobe alingoja. Alipoona siandiki alielewa, akageuza uso dirishani. Kisha akanitajia, jina lake na la baba yake, polepole, nami nikaandika.