Saa Saba za Kipaza

Kipaza alikuwa na sauti iliyojulikana mji mzima na sura ambayo hakuna aliyeikumbuka. Kwa miaka kumi na mmoja alizunguka mitaani na gari lenye spika nne juu ya paa, akitangaza magodoro, mikutano, misiba na, tangu mwaka uliopita, unga wa Profesa. Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa muuza dawa mwenye koti jeupe na kibanda nyuma ya soko. Unga wake ulirudisha heshima ya mwanamume nyumbani, ndivyo Kipaza alivyonguruma, hata mbele ya shule ya chekechea.

Mwenyewe hakuwahi kuuonja. Lakini alipotimiza hamsini na tatu usingizi ulimpaa, na mambo ya chumbani yakaanza kusuasua. Jumapili moja asubuhi, watoto wakiwa kwa shangazi yao, alichota vijiko vitatu palipoandikwa kimoja, akakoroga kwenye chai, akanywa.

Unga ukafanya kazi. Shida ni kwamba haukujua kuacha.

Ilipofika saa mbili alikuwa bado anajisifu. Saa nne alioga maji baridi. Saa tano alikuwa akizunguka ua huku ameuma meno, vidonge vya maumivu vimegonga mwamba. Hamu ilishamtoka kitambo, yamebaki maumivu matupu.

"Twende hospitali," mkewe alisema.

"Nikawaambie nini?"

"Ukweli."

"Mama watoto, mimi ni mtu mashuhuri."

"Basi utatibiwa kimashuhuri. Vaa."

Walibishana hadi saa sita na nusu. Mwishowe Kipaza alivaa koti la mvua, jua likiwaka utosini, wakatoka.

Dirishani pa mapokezi, karani alishika kalamu. "Unasumbuliwa na nini?"

Kipaza akanong'ona.

"Ongeza sauti, mzee wangu. Sikusikii."

"Huku chini."

"Mguu?"

"Juu yake."

"Goti?"

"Panda kidogo."

"Dada," mkewe akaingilia, "uume wake umesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi na hautaki kulala."

"Mama watoto!" Kipaza aliruka, na kwa hasira akasahau kunong'ona.

Foleni nzima ikageuka. "Eh! Si yule wa unga?" bibi mmoja akauliza.

Walicheka wote isipokuwa karani. Yeye alishaacha kuandika, anamwita muuguzi. "Huyu apite mbele. Hii haingoji foleni."

Daktari alikuwa binti wa rika la mwanawe wa kwanza. Aliuliza bila kupepesa macho: ana selimundu, ule ugonjwa wa damu? Ameumia sehemu hiyo? Amejidunga sindano yoyote? Ametumia dawa gani?

"Chai tu, daktari."

Mkewe akafungua mkoba, akaweka mezani chupa ya unga, na kando yake pakiti ya vidonge vya usingizi ambavyo Kipaza aliandikiwa kwenye zahanati mwezi uliopita.

Daktari akavisoma vile vidonge kwanza. "Hivi peke yake vinajulikana kuleta balaa hili, ingawa si mara nyingi. Huu unga sijui una nini. Wauzaji wengi husaga vidonge vya nguvu za kiume wakaita mizizi. Wewe ukavichanganya."

"Lakini si ni nguvu tu, daktari?"

"Baba, hii si nguvu. Damu imeingia ikakosa njia ya kutoka. Imekwama humo, hewa imeiishia, na nyama inaanza kufa. Zikipita saa nne tangu ianze, unatakiwa uwe hapa. Wewe una saa saba."

Kipaza akavua koti la mvua.

Walimchoma sindano ya ganzi. Kisha ikaja sindano nyingine, ambayo aliamua kutoitazama, ikavuta damu nyeusi kama oili chafu. Wakasafisha kwa maji ya chumvi, wakaingiza dawa ya kubana mishipa kidogo kidogo huku wakimpima presha. Baada ya dakika arobaini, kitu kikalala. Kipaza akalia waziwazi.

"Ingegoma, ningekupeleka chumba cha upasuaji," daktari alisema. Akambadilishia dawa ya usingizi, akamwonya kwamba huenda nguvu zisirudi zote. Hazikurudi zote.

Profesa alikuja kumjulia hali, uso unameremeta. "Saa saba! Ndugu yangu, huo ni ushuhuda! Tuurekodi leo leo."

Kipaza alimsindikiza hadi mlangoni na kumrudishia chupa yake tupu. Unga wenyewe alikuwa ameuacha kwa daktari. Wiki hiyo hiyo Profesa akapata mtangazaji mwingine.

Kwa kinyozi, Kipaza aliwasimulia wanaume wenzake kila kitu, bila kuficha hata sindano. Walimsikiliza kwa makini mno. Alipomaliza, kinyozi akauliza taratibu, "Vijiko vitatu, umesema?"

Siku nne baadaye, kabla ya adhuhuri, kinyozi alipiga simu. Alisema mgongo unamsumbua.

"Tangu saa ngapi?" Kipaza akauliza.

"Saa moja asubuhi."

Kipaza alitazama ukutani: saa tano kasoro. Akachukua funguo, akampitia kwa gari la spika. Dirishani pa mapokezi alisimama mbele ya mgonjwa wake, akavuta pumzi, akamtajia karani ugonjwa kwa jina lake na saa zake, kwa sauti iliyosikika hadi wodi ya wazazi.