Nati ya Chini

Kuna watu wanaomwachia Mungu. Mimi nilimwachia wiki mbili nzima, nikaona ana kazi nyingi, nikaamua kumsaidia.

Adui yangu anaitwa Djibril. Alipokuja kwangu hakujua hata kuosha birika. Nikamfundisha kukaanga kahawa, kuponda tangawizi, kumimina bila kumuunguza mteja mapaja. Miezi minane tuliuza pamoja mbele ya mafundi cherehani, sokoni Rumonge, mpaka siku alipoamua kwamba amehitimu. Asubuhi hiyo nilimkuta ameketi mahali pangu, na wateja wananitazama kama mtu aliyeiba viatu msikitini. Alikuwa amewaambia kwamba kahawa yangu naichanganya na mahindi ya kuunguza.

Mahindi! Mimi! Tangu hapo nikipita, mafundi wananiita, "Hadjara, leo uji iko?" Nikawa narudi nyumbani na birika limejaa, siku baada ya siku. Mahali pangu nilipataka, ndiyo, lakini zaidi nilitaka Djibril aseme kwa kinywa chake, mbele za watu, kwamba alidanganya.

Ijumaa, watu wametoka kuswali, nani anabisha hodi kwetu? Yeye. Mzee Jafari anapokea mahari ya binti yake, wageni wanatoka Gatete, na kazi ya kahawa kapewa Djibril. Amekuja kuazima kisagio.

"Bibi Asma, nilikuwa naomba kile kisagio cha mkono. Nataka kusaga palepale, wageni waone mbegu nzima. Waone mimi siweki mahindi."

Alisema hivyo mimi nimesimama hapohapo, naweza kumng'ata.

Bibi yangu hajawahi kumnyima jirani chombo. Ukija na salamu, hata kitanda utabeba. "Hadjara, mupe mwenzio."

"Nampa, Bibi. Kwa moyo mweupe kabisa."

Nikaingia ndani. Kisagio chetu ni cha chuma, unakibana kati ya magoti, mpini uko juu. Ukifungua kopo la chini linalopokea unga, unaona nati ndogo. Hiyo ndiyo inayosogeza meno. Ukiikaza, meno yanakaribiana na unga unatoka laini kama poda, ukiilegeza, yanaachana. Kila hatua inalia tak. Kahawa yetu ya kuchemsha inataka tak saba kutoka pale meno yanapogusana. Djibril alizungusha mpini miezi minane, ila nati sikumruhusu kuigusa hata siku moja. Nikailegeza nikihesabu: nane, tisa, kumi... nikasimama kwenye ishirini na sita.

"Chukua, patroni. Kisafi."

Kwa Mzee Jafari na sisi tulialikwa. Nilivaa kitenge changu cha sikukuu, maana huwezi kulipiza kisasi na kanga ya jikoni. Mafundi cherehani nao walikuwepo, wamejipanga, migongo ukutani.

Djibril akaanza kusaga. Mpini ulizunguka mwepesi kama feni, naye anawachekea wageni, anaongea, anamimina kutoka kopo hadi birika bila kutazama. Akachemsha. Kikombe cha kwanza akampa Mzee Moussa, baba mdogo wa bwana harusi. Mzee akanywa, kisha akachungulia ndani ya kikombe kama anatafuta kahawa ilikoelekea.

"Kijana, hii umeiosha?"

Watu wakacheka. Mzee Moussa akaokota vipande viwili chini ya kikombe, akaviweka kiganjani. "Na hii, si mahindi ya kuunguza?"

Wallahi hilo sikulipanga. Mungu naye alikuwa ameingia kazini.

"Si mahindi, mzee! Ni meno yameachana, narekebisha!" Djibril akalitoa kopo, akapeleka mkono chini, akazungusha nati kulia, kama unavyofunga chupa. Tatizo ni kwamba nati inatazama chini. Ukikishika kisagio wima, kulia yako ni kulegeza. Tak tak tak tak. Akasaga tena, mbegu zikatoka nusunusu.

"Sasa iko inatapika," mama mmoja akasema.

Mzee Jafari alisimama. "Djibril, unanitia aibu mbele ya wakwe zangu?"

Hapo ndipo akanikumbuka. Akaja akachuchumaa mbele yangu, ghafla mimi ni dada yake mkubwa. "Yaya Hadjara, ulifanya nini?"

"Mimi? Nilikuazima."

"Yaya, nisaidie."

"Nitakusaidiaje? Mimi mutu wa mahindi."

"Naomba, yaya."

"Sema kweli basi. Na usininong'oneze, mimi naijua tayari. Waambie wale wa ukutani."

Akasimama. Shingo ilikuwa imelowa. "Kahawa ya yaya Hadjara haina mahindi."

"Sauti, patroni."

"Haina mahindi! Nilidanganya! Nilitaka mahali pake!"

Fundi mmoja akasema, "Ewe! Na sisi tukakuamini," na wenzake wakainamisha vichwa, kila mmoja akitafuta uzi kwenye suruali yake.

Nilikichukua kisagio, nikakigeuza kichwa chini, nati ikatazama juu, nikaikaza mpaka meno yakagusana. Kisha nikailegeza nikihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Nikamrudishia.

"Saga."

"Saba, yaya. Kila siku nasikia unahesabu saba."

"Leo ni nne."

Kwenye nne unga unatoka mzuri sana, ila mpini unakuwa mzito kama unakoroga saruji. Na wageni walikuwa arobaini. Djibril akakibana kisagio kwa magoti, akashika kwa mikono miwili, akasaga. Mimi nilichemsha, nikamimina, nikapokea asante zangu, "murakoze" moja baada ya nyingine.

Bibi Asma akanivuta kitenge. "Hadjara, mutoto anaumia viganja."

"Anasaga, Bibi."

Mzee Moussa alirudisha kikombe chake mara tatu aongezewe. Kila aliporudisha, nilimgeukia Djibril nikamwongezea konzi nyingine ya mbegu.