Chumvi ya Fulana ya Jabiri

Maji yalikuwa yamekatika tena chuoni mlimani, na mashine ya eksirei haiwaki bila maji ya kuipoza. Kwa hiyo Leonardi, fundi wa maabara ya fuwele, ile inayopima muundo wa chembe za chumvi na madini, alikuwa amekaa tu pale Mwanaheri mfagiaji alipomletea fulana ya mumewe.

Jabiri alichukuliwa nyumbani Temeke na watu wa usalama wenye Landrova, baada ya kuuliza mkutanoni mabuti ya wafanyakazi yalikwenda wapi. Mkewe hakuifua fulana aliyoivua siku ile. Nguo ya aliyetoka haifuliwi mpaka arudi. Jasho lilikuwa limeganda chumvi kwapani.

"Shemeji Mfaume anataka nikae eda," alisema. "Mie siwezi kumkalia eda mtu aliye hai. Niangalizie kwa mashine yako kama yu hai, kaka."

Maji yaliporudi, Leonardi alibandika chembe moja ya chumvi kwenye ncha ya unyuzi wa kioo, akaipiga mionzi. Filamu ilitoka chumba cha giza na vidoti vilivyojipanga sawasawa, kama chumvi yoyote. Katikati yake alikuwamo Jabiri, kakaa sakafuni, kakumbatia magoti.

"Yu hai," Leonardi alisema. "Ila kakonda."

Daktari Apolinari, mkuu wa maabara, aliinua filamu dirishani. Akasema hiyo ni chumvi ya kawaida, muundo wake unajulikana, na filamu zinaagizwa kwa fedha za kigeni. Kuhusu yule mtu hakuuliza. Msomi naye ana watoto.

Leonardi aliendelea kupima kwa siri. Kila chembe ilimwonyesha Jabiri dhaifu zaidi, mara amelala ubavu, mara kageukia ukuta. Kisha ikatoka filamu yenye vidoti peke yake, safi kabisa. Mwanaheri aliitazama, akalia kwa uchungu palepale, akamaliza kufagia, akaenda kuifua ile fulana.

Akavaa nyeupe, akakaa eda. Siku ya hitima mjumbe wa nyumba kumi alifika, akasimama nje ya pazia la mlango.

"Mwanangu, vua hizo nguo. Wakubwa wanasema mumeo mzima, yuko kazini bara."

"Basi aje aniambie mwenyewe, baba."

Mjumbe akavua viatu, akakaa mkekani na wanaume wenzake, akaitikia dua ya marehemu, akala ubwabwa akashiba. Asubuhi yake akapeleka taarifa ofisini kwamba Jabiri hajambo.