Kola za Karatasi

Mkuu wa chuo aliniwekea mezani fomu kumi na nne na kalamu yake mwenyewe.

“Mwalimu Redempta, saa nane Philipo anazipeleka mjini. Usiposaini, wanafunzi wako hawafanyi mtihani Jumatatu. Na mkataba wako nao unaujua.”

“Shikamoo, mkuu.” Hakuwa amenipa nafasi ya kumsalimia.

“Marahaba. Saini.”

Mwanangu Alute alikuwa mgongoni, ana miezi saba na jino linamsumbua. Nilisoma huku nikimbembeleza. Fomu ilitaka nithibitishe kwamba mwanafunzi ameshona na kugeuza kola ya shati kwa mkono wake mwenyewe. Wanafunzi wangu hawajagusa kitambaa tangu Januari. Tuliahidiwa mwezi wa kwanza, tukaahidiwa wa tatu, baadaye tukaacha kuuliza. Tunashona mifuko ya saruji tuliyookota kwenye ujenzi hapa Ilongero. Karatasi inakatika vizuri, hata mshono unanyooka. Lakini kola hushonwa ndani nje, halafu unaigeuza, na karatasi ukiigeuza inachanika pembeni. Basi kila tukifika hapo nasema, “Hapa mngegeuza,” tunaendelea.

Philipo, mwalimu wa uchomeleaji, alikuwa kwenye kivuli cha karakana, kofia ya pikipiki iko kichwani. Husaini daftari la mahudhurio saa moja na nusu. Saa mbili anabeba abiria wa Mtinko. Zamani wanafunzi walimfuata awafundishe mpaka Jumapili.

“Saini tu, dada. Mimi za kwangu nimeshamaliza.”

“Wamechomelea nini?”

“Hewa.” Alicheka, kisha akaacha. “Mwaka wa kwanza nilinunua vijiti vya kuchomelea kwa mfuko wangu. Nani alisema asante? We bado una moto. Utazimika tu.”

Nilikwenda darasani kumnyonyesha Alute nyuma ya kabati, machozi yakamdondokea shavuni. Mimi ufundi niliupata masomo ya jioni, natoka shambani kwenye alizeti, mikono imechubuka. Mwalimu wangu hakukosa hata siku moja. Na mimi niwapeleke hawa kwenye mtihani wakachekwe?

Nilipotoka, Yasinta alikuwa ameinama kwenye cherehani, karatasi inalia chini ya sindano. Kola ya sare yake ilikuwa imelika shingoni. Niliitazama ile kola muda mrefu.

“Vueni mashati,” nilisema. “Wasichana mjifunge kanga. Fumueni kola, zitoke vipande viwili. Tunazishona upya, upande uliolika ukae ndani.”

“Madamu, hili ndilo shati langu la mtihani,” alisema Peniel. “Nikiliharibu?”

“Utakuwa umeliharibu.”

“Jumatatu tutaingia kama mapadri,” alisema mmoja, wakacheka kwa woga.

Tulikuwa na nyembe mbili na cherehani tatu zinazofanya kazi. Yasinta alimaliza mshono wa kwanza, akageuza, akasukuma pembe kwa penseli. Ikatoboka.

“Imechanika kama karatasi, madamu.”

Kosa lilikuwa langu. Sikuwahi kuwafundisha kupunguza kitambaa kwenye pembe kabla ya kugeuza, maana kwenye karatasi hatukuwahi kufika huko. Nilipiga magoti, nikafumua pembe zake, nikaingiza mshono ndani kidogo, nikawaonyesha wote. Kola ikawa fupi. Lakini ikageuka.

Saa nane pikipiki ya Philipo ilinguruma getini. Mkuu aliingia.

“Fomu?”

“Saba, mkuu. Wengine bado.”

“Nilikuambia usaini zote.”

“Nasaini waliogeuza.” Alute akaanza kulia.

Mkuu aliwatazama vijana waliokaa na fulana zilizotoboka, mashati yasiyo na shingo yako mapajani. “Basi saba wanabaki nyumbani,” alisema taratibu. “Na wewe pia.”

Peniel alishusha wembe.

Philipo aliingia kuzifuata fomu. Aliiokota kola ya Yasinta, akapitisha kidole kwenye pembe, mara moja, mara ya pili. Akavua kofia, akaiweka mezani juu ya zile fomu.

“Mkuu, pikipiki imegoma kuwaka.”

Mngurumo wake tulikuwa tumeusikia wote, sasa hivi tu. Mkuu alimwangalia Philipo, akaangalia saa yake, akaangalia tena vijana.

“Itachukua muda gani kuwaka?”

Philipo alinigeukia mimi.

Nilihesabu vichwa, nikahesabu cherehani.

“Saa moja na nusu, mkuu,” nilisema.

Mkuu alivuta benchi, akakaa mlangoni. “Peniel,” alisema, “wembe huo unasubiri nini?”