Injini Dakani kwa Mejumaa

Kahindi alikuwa na mazoea yake ya asubuhi. Alifungua mlango wa bati wa karakana, akawafukuza paka waliotoka Liwatoni wakinuka samaki, akanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisiinuke, kisha akafagia kuanzia ukutani kuja mlangoni. Alipomaliza kufagia ndipo alipobandika birika la chai. Jumanne moja ya mwaka 1994 alikuwa amefika katikati ya sakafu, ufagio mkononi, injini ya Aidarus ilipowaka.

Injini hiyo haikuwa ndani ya gari. Gari lenyewe, la mbio, la milango miwili, rangi ya fedha, lilikuwa limekunjamana uani chini ya turubai. Injini ilikuwa imetolewa na kuwekwa juu ya stendi ya chuma, bila betri, bila tangi, bila tone la petroli. Ilikuwa imekwama juu ya Daraja la Nyali, gari likazunguka na kugonga ukingo, na Aidarus aliyekuwa akiliendesha akafa. Tangu siku hiyo haikugeuka hata iliposukumwa na wanaume wawili kwa spana. Sasa ilizunguka taratibu, kama gari linalomsubiri mtu atoke dukani.

Kahindi alimaliza kufagia, akabandika chai. Halafu akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, kama mafundi wafanyavyo wanapotaka kujua sauti inatoka wapi. Alisikia pistoni na vali. Chini zaidi alimsikia mtu akikohoa, kikohozi kifupi cha mtu anayesafisha koo ili aseme jambo, kisha anaona haya. Alikuwa amefanya kazi na Aidarus miaka mingi. Hakuhitaji kusikiliza mara ya pili.

Nicanor, meneja, alifika chai ikiwa tayari. Alikuwa mtu wa bara, mpole, aliyevaa tai hata siku za joto.

"Nani amewasha hii?"

"Imejiwasha, bosi."

"Basi izime."

"Haina pa kuzimia."

Nicanor aliizunguka injini, akainama, akatazama pale ambapo betri ingekuwa. "Mkaguzi wa kiwanda anakuja kutoka ng'ambo wiki ijayo," alisema. "Anataka kuikuta imefunguliwa, kila kipande mezani. Utaifungua aje ikizunguka hivi?"

"Siwezi. Itanila vidole."

"Nani yuko ndani?"

"Aidarus."

Nicanor alikaa juu ya pipa tupu, akamiminiwa chai.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Aidarus alikuwa dereva wa majaribio wa kampuni. Magari yaliposhuka bandarini, yeye ndiye aliyeyaendesha kwanza, kisha akayapeleka kwa wenyewe. Gari hili na mengine mawili ya injini hiyo hiyo yalisubiriwa na matajiri wa Kizingo. Siku mbili kabla ya ajali alisema injini inagonga chini, akaambiwa injini mpya haigongi. Alipokufa, kampuni iliwaambia polisi na waandishi wa magazeti kwamba alikuwa akishindana na gari jingine darajani. Kahindi alishuku kwamba injini ilifungwa vibaya kiwandani, kwa sababu hapa Mombasa hakuna aliyewahi kuigusa. Lakini shuku ya fundi si kitu mpaka injini ifunguliwe.

Huko Mji wa Kale, neno la kampuni lilikuwa limeshafika msikitini na kwa muuza kahawa. Aidarus alikuwa dereva aliyechekwa na majirani kwa kuendesha kama mtu aliyebeba maziwa. Sasa wazee waliyaombea makosa yake msamaha kwa sauti, na wanawake waliokuja kumpa pole mkewe, Mejumaa, walishika mashavu na kusema, "Vijana na mwendo, dada, ndiyo tabu." Mejumaa alitaka kitu kimoja tu: kampuni iseme hadharani kwamba mumewe hakuwa akishindana na mtu.

Kahindi alikwenda kwake adhuhuri ilipopita. Mejumaa alikuwa katika eda, hatoki nje wala haonekani na wanaume, na ingepita miezi minne na siku kumi kabla ya kukanyaga kichochoro. Kahindi alikaa dakani, ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe, na Mejumaa akakaa upande wa pili wa pazia.

"Pole, shemeji."

"Nishapoa. Habari za kazi?"

"Injini ya Aidarus inazunguka tangu asubuhi. Yuko ndani anakohoa."

Pazia halikutikisika. "Yuwakohoa vipi?"

Kahindi akakohoa kama alivyosikia.

"Ni yeye," Mejumaa alisema. "Yuwataka radhi yake."

Akamweleza. Aidarus hakuwahi kutoka nyumbani bila kusimama mlangoni na kusema, "Niwie radhi," naye humjibu, "Nimekuwia radhi," ndipo huvaa viatu. Asubuhi ya ajali kampuni ilimharakisha, akatoka mapema kuliko kawaida, naye Mejumaa alikuwa juu ya mswala, katikati ya sala. Alimsikia mumewe akikohoa nyuma yake, akamsikia akisema, "Niwie radhi, Mejumaa." Aliye ndani ya sala hajibu mtu. Alipotoa salamu kulia na kushoto, mlango ulikuwa umeshafungwa.

"Nalimjibu," alisema, "lakini nalijibu mlango."

"Basi njoo umjibu karakana ili azime, tuifungue."

"Kahindi, n'na eda miye."

Kwa hiyo injini ililetwa kwake. Nicanor alitafuta mahamali wanne wa Marikiti wenye mkokoteni, wakaifunga kwa kamba juu ya magunia, ikizunguka vilevile. Kiongozi wao, Kalama, alikuwa amezoea kubeba vitunguu.

"Fundi, hii mashine imekula nini?"

"Haijala tangu ajali."

"Na nguvu zote hizi? Sisi tumekula muhogo na tunatetemeka."

"Acha maneno, sukuma. Usimtikise."

Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na mara mbili walilazimika kurudi nyuma ili watu wapite. Waliopita waliitolea injini salamu, kwa kuwa habari ilikuwa imetangulia. Dakani waliiweka kati ya mabaraza, juu ya mkeka uliokunjwa ili isichimbe sakafu.

Nicanor alikuja mwenyewe na kuvua viatu mlangoni. "Mama, ukimpa hiyo radhi, tutaifungua, na kila mtu ataona kilichotokea," aliliambia pazia.

"Na kikionekana mutakisema?"

"Tutakisema."

"Msikitini, na kwa hawa waliomsema?"

"Nakupa ahadi yangu, mama."

"Haya. Lakini ngojani Ijumaa ipite. Tangu afe kwangu hajakaa."

Nicanor alitazama saa yake, akakubali.

Injini ilikaa dakani. Majirani walilalamika siku ya kwanza, kwa sababu sufuria zilitetemeka rafuni, kisha wakazoea. Mejumaa aliketi nyuma ya pazia na kuisimulia yaliyopita: kwamba bomba la bafuni lilianza tena kuvuja pale pale alipolifunga kwa mpira; kwamba kanzu zake alipewa binamu yake, nazo zinamburuza; kwamba mkufunzi wake wa chuo alikuja kutoa pole na kulia kuliko ndugu. Alipozungumza, injini ilipunguza mwendo. Alipokwenda kupika, ilipanda kidogo, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Alitia udi chetezoni akaufukizia upande ule. Jirani yake Sidi alisema kwamba tangu maziko hakuwahi kumsikia Mejumaa akicheka, na siku hizo alimsikia, tena si mara moja.

Ijumaa ikapita. Kahindi alifika na sanduku lake la spana, akaketi barazani.

"Shemeji, tuko tayari."

Mejumaa alikiweka chetezo chini. Alikuwa mtu wa sauti ndogo tangu utoto. Shuleni walimu walimwambia arudie jibu hadi akaacha kunyoosha mkono. Sasa alisogea hadi pazia likamgusa uso.

"Wewe waitaka hiyo radhi?" aliiuliza injini.

Ndani yake mtu alikohoa.

"Nimekuwia radhi," alisema.

Injini ilizunguka polepole, ikavuta pumzi moja ndefu, ikazima. Sufuria za mtaa mzima zikanyamaza. Kahindi alingoja hadi chuma kipoe, ingawa kilikuwa cha baridi tangu mwanzo.

Aliifungua pale pale dakani, juu ya karatasi za gazeti, akipanga kila nati mahali pake. Chini kabisa, pale ambapo mwili wa injini hushika mhimili unaozungushwa na pistoni, hukaa beringi ya vipande viwili kama nusu mwezi. Kipande cha juu huwa na tundu la kupitisha oili, cha chini hakina. Katika injini hii vilikuwa vimebadilishwa. Chenye tundu kilikuwa chini, kisicho na tundu kilikuwa juu kimeziba njia, cheusi kama kimetoka jikoni. Kahindi alikipitisha chini ya pazia juu ya kitambaa safi.

"Oili haikupita," alisema. "Mtu mmoja kiwandani aliviweka kinyume. Vikakauka, vikashikana, magurudumu yakakwama."

Mejumaa alikigeuzageuza kipande kile. Kilimwachia masizi vidoleni. "Kwa hivyo hakuwa akishindana."

"Hata angekwenda kwa mwendo wa punda, shemeji, ingekwama."

Akakirudisha kile kipande, akakilaza kitambaani.

Mkaguzi alikuja kwa ndege Jumatano. Alikuwa mtu wa adabu. Alivua viatu bila kuambiwa, na kupitia kwa Nicanor aliyemtafsiria aliliambia pazia pole. Alitazama beringi kwa kioo cha kukuzia na kusema fundi amesema kweli, imewekwa kinyume. Kahindi alipumua. Halafu mkaguzi akauliza kama ni kweli alivyosikia njiani, kwamba injini hii imezunguka baada ya ajali.

Kila mtu alisema ni kweli. Sidi alisema, Kalama alisema, imamu mwenyewe alikuja kusema kwamba ilizunguka hadi mwisho wa hotuba ya Ijumaa na watu waliisikia kutoka safu ya kwanza. Walisema kwa furaha, kwa kuwa walidhani wanamsaidia Aidarus. Mkaguzi aliwashukuru mmoja mmoja.

Jumatatu iliyofuata Nicanor alirudi dakani. Kahindi alikuwa akikusanya vipande kuviweka sandukuni. Nicanor alisimama, kisha akaketi, kisha akasimama tena.

"Kiwanda kimejibu, mama. Wanasema injini yenye kasoro ya namna hiyo haiwezi kuzunguka hata dakika chache. Hii imezunguka siku tatu na zaidi, mbele ya mashahidi, imamu akiwemo, bila petroli wala oili. Kwa hiyo kasoro haikuzuia kitu. Ni mwendo wa dereva."

"Kile kipande nilikiona kwa macho yangu," Kahindi alisema.

"Na wao wamekiona, fundi. Hawakatai."

"Na magari yale mawili mengine, ya injini hii hii?"

"Yameshachukuliwa. Yako Kizingo."

Kahindi alifunga sanduku, akalifungua tena, akalifunga.

Kutoka nyuma ya pazia Mejumaa aliuliza kwa sauti ndogo, "Na msikitini? Ile ahadi?"

Nicanor alilegeza tai. Shingo yake ilikuwa imetota jasho. Hakuwa mtu mbaya, na pengine kwa sababu hiyo alichoka kabla ya wengine.

"Nitasema nini huko, mama? Mimi ni meneja tu. Nikisema neno jingine, kesho kuna meneja mwingine." Alilitazama pazia, akalitazama sanduku. "Wacha nikwambie ukweli. Sisi tulitaka izime. Ina nini ndani, hilo hatukutaka kujua. Ilikuwa inatusumbua tu, tukatafuta wa kuizima."

Kichochoroni mtu alipita na redio, akaenda zake. Pazia lilifunguka kadiri ya upana wa kiganja, jambo ambalo mwanamke wa eda hafanyi, na Nicanor na Kahindi wakauona uso wa Mejumaa kwa mara ya kwanza tangu maziko. Hakuwa akilia. Aliongea kwa sauti ambayo hata Sidi, aliyekuwa akianika nguo ghorofani, aliisikia.

"Miye nalitaka iendelee," alisema.