Bibi wa Kwenye Kompyuta

Bibi wa kwenye kompyuta alishamfia Chapchapu mara moja. Wiki iliyopita, katika zoezi la chuo cha uuguzi, alikuwa ametoka kupasuliwa tumbo, akawa anahangaika kitandani. Chapchapu, ambaye hakupewa jina hilo bure, akabofya dawa ya maumivu. Kumbe bibi alikuwa akivuja damu ndani kwa ndani. Skrini ikageuka kijivu.

"Mazishi lini, dada?" wanafunzi wenzake walimtania.

Alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni. Leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Akishindwa, wenzake wangeanza wodini Jumatatu, naye angebaki kurudia muhula. Kwa hiyo alikuwa amekariri wiki nzima: akihangaika, ni damu, mwite daktari.

Mwalimu wao, muuguzi wa miaka mingi waliyemwita Sista, akavuta kiti. "Haya mwanangu, mgonjwa wako huyo."

Bibi alikuwa yuleyule, na shuka lilelile. Akaanza kuhangaika. Chapchapu akabofya: Mwite daktari. Kikafunguka kisanduku: Andika sababu.

"Anavuja damu," alisema huku akiandika.

"Umejuaje?"

"Si wiki iliyopita, Sista..."

"Wiki iliyopita ni wiki iliyopita. Daktari kamwacha mgonjwa mwingine, anakuja mbio. Utamwonyesha nini?"

Hakuwa na cha kumwonyesha. Akafuta alichoandika, akaanza kumtazama bibi kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Mapigo yamepanda kidogo. Presha ni ileile ya asubuhi. Mikono ina joto, bandeji kavu. Sasa bibi wa watu anahangaikia nini?

Mara akagundua kwamba, katika mazoezi yote mawili, hajawahi kumuuliza. Akaandika: Bibi, unasumbuliwa na nini?

"Mkojo, mjukuu wangu," sauti ikatoka kwenye spika. "Umenibana, hautoki."

"Lakini ana mpira wa kutolea mkojo," Chapchapu alinong'ona. Akakagua mfuko wa mkojo: mtupu. Akabonyeza tumbo chini ya kidonda: limejaa, gumu. Akafunua shuka. Mpira ulikuwa umejikunja chini ya paja. Akaunyoosha, mfuko ukaanza kujaa, na bibi akashusha pumzi ndefu.

Chapchapu naye akashusha yake.

"Tufunge zoezi?" Sista aliuliza.

Mkono ulishafika kwenye kitufe. Akausimamisha hapo.

"Bado, Sista. Mapigo hayajashuka. Huenda ni mpira tu, huenda kuna na jingine. Nitapima tena baada ya robo saa. Yasiposhuka, ndipo nimwite daktari, na nitakuwa na cha kumwambia."

Sista alichukua fomu, akaiweka juu ya goti, akatia sahihi.

"Jumatatu, saa moja kamili asubuhi," alisema. "Na uvae viatu visivyopiga kelele. Wagonjwa wa kule wanalala kweli."